Machozi ya Mama Aline Niliyoyafanya Kichekesho

Nina miaka arobaini na moja. Jina langu ni Zuhura, mzaliwa wa Tanga, binti wa mwalimu wa madrasa. Naishi Johannesburg tangu mwaka 2009, nasuka nywele kwenye saluni moja ya Joubert Park, juu ya duka la simu.

Wengi wenu mnaoleta mikasa yenu mnasimulia jinsi mlivyotendwa. Mimi sikutendwa na mtu… mimi ndiye niliyetenda. Atakayetaka kunitukana anitukane, sitamlaumu. Naomba tu asome mpaka mwisho kwanza.

Mama Aline alikuwa Mkongo wa Uvira, fundi cherehani. Tulikutana mtaa wa Bertrams, kwenye nyumba ya vyumba sita na choo kimoja. Yeye alikaa chumba cha mbele na binti yake Aline, mimi chumba cha nyuma, peke yangu, baada ya kuachika. Mimi Mwislamu, yeye mlokole wa kupiga magoti kabla hata ya kunywa maji. Lakini kila Idi alinishonea gauni, na kila Krismasi nilipika pilau tukala sahani moja. Alinizidi miaka sita, nikawa namwita dada. Yeye aliniita mudogo yangu, kwa Kiswahili chao cha Kongo.

Kiingereza hakukijua. Alijua salamu, na neno "eish" la kushangaa, ambalo kila mtu hapa analijua. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa Kiingereza chake. Kliniki nilikwenda naye. Shuleni kwa Aline nilikaa katikati yake na mwalimu. Ofisi ya wakimbizi, pale pa kugongewa muhuri karatasi yake kila baada ya miezi michache, nilipanga naye foleni tangu alfajiri. Daktari akisema neno, Mama Aline hakumwangalia daktari. Aliniangalia mimi.

Aline angeweza kumtafsiria, hata kwa Kiswahili cha kuvunjika, maana alikulia hapa na Kiingereza na Kizulu vilimtoka bila kufikiri. Lakini mama yake hakutaka mtoto asikie mambo ya wakubwa. Kulikuwa na jambo alilomficha…

Jambo lenyewe lilikuwa Joël.

Walipokimbia Uvira, baada ya mume wake kuuawa, Mama Aline alikuwa na watoto wawili. Aline alikuwa mchanga, mgongoni. Joël alikuwa na miaka mitatu. Wakiwa Zambia, ndani ya lori la mizigo, Joël akashikwa na homa. Siku mbili tu, akafa mikononi mwa mama yake. Dereva akasimamisha lori porini, kandokando ya barabara, wakamzika. Mahali penyewe Mama Aline hakupajua jina. Hakujua hata ni karibu na mji gani.

Alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunachambua mchele. Alilia mpaka nikaogopa. Akaniapisha nisimwambie Aline kwamba aliwahi kuwa na kaka. Nikaapa.

Sasa niwaambie kuhusu mimi. Tangu shule ya msingi nilipenda kuigiza. Tanga nilikuwa nawaiga walimu, wapangaji, wauza samaki, watu wanashika mbavu. Hapa Johannesburg nilikuwa nachekesha wateja saluni, na kwenye sherehe za Watanzania nilikuwa naitwa mbele. Moyoni nilikuwa na kiu… Nilitaka siku moja watu wanione kwenye televisheni, waseme yule ni Zuhura.

Mwaka 2016 mteja wangu mmoja, mama wa Soweto anayetafutia kampuni watu wa matangazo, akaniambia Waingereza wamekuja kupiga picha. Walikuwa na kipindi chao cha vichekesho huko kwao, vichekesho vifupi vifupi vya dakika mbili tatu, na kila wiki wanaalika wageni waigize pamoja nao. Safari hii walitaka sehemu moja ichukuliwe Afrika. Walitafuta mwanamke anayejua Kiswahili na Kiingereza, acheze kama mkalimani.

Nilikwenda kujaribiwa, nikawachekesha, wakanichukua. Wasomaji wenzangu, siku ile nilipita kwenye robot, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, ikiwa nyekundu, dereva wa teksi akanipigia honi na kunitukana, sikumsikia!

Kichekesho chenyewe kilikuwa hivi. Mwandishi wa habari Mzungu, mjinga mwenye majivuno, anakuja kumhoji mama mkimbizi. Anauliza swali la huzuni. Mama anajibu kwa Kiswahili, anaongea sana, analia. Halafu mkalimani anamgeukia Mzungu na kusema neno moja la kipuuzi tu. Anasema chai yake imepoa. Mara ya pili, anasema kiti kinamuumiza. Na kadhalika.

Kwenye karatasi kilichekesha. Nakiri, nilicheka.

Aliyepangwa kuwa mkimbizi alikuwa binti wa Kikenya, mwanafunzi wa chuo. Kwenye mazoezi akawa anataja taja tu majina ya mboga, na machozi hayakumtoka. Mwongozaji hakuridhika. Alisema kichekesho hakitafanya kazi kama mama yule haaminiki. Akasema labda sehemu ile aiondoe kabisa.

Aiondoe? Sehemu yangu?

Hakuna aliyeniuliza. Hilo nataka mlielewe vizuri. Hakuna aliyenishika mkono wala kunilazimisha. Mimi mwenyewe nilifungua mdomo nikasema, "Ninaye mama mmoja. Huyo atawalilia."

Jioni ile ile nikabisha hodi chumba cha mbele. Nikamwambia Mama Aline kwamba wamekuja Wazungu kutoka Uingereza, wanakusanya historia za wakimbizi, na wale ambao historia zao zitawagusa, huenda wakachukuliwa na watoto wao kwenda kuishi huko. Nilijua nagusa wapi. Miaka kumi na moja alikuwa anangoja karatasi ya kudumu. Alikuwa amechoka kuitwa mgeni…

Akauliza kama lazima aseme habari za Joël. Nikamwambia hizo hasa ndizo zitakazowagusa. Akauliza kama Aline atajua. Nikamwambia Aline yuko Bertrams na maneno yanakwenda Uingereza, atajuaje? Nami nilijiambia hivyo hivyo. Wazungu hawajui Kiswahili. Kipindi kitaonyeshwa kwao. Nani ataumia?

Yule binti wa Kikenya hakuitwa tena. Siku ya kupiga picha Mama Aline alivaa kitenge chake cha kanisani na kusuka nywele upya. Mimi ndiye niliyemsuka. Wakaleta fomu ya kutia sahihi, nikamtafsiria kwamba ni ruhusa ya kupeleka maneno yake kwa wakubwa wa Uingereza. Akaandika jina lake polepole, kwa mwandiko mzuri wa masista waliomfundisha.

Mzungu akauliza swali lake. Mimi nikalipeleka kwa Kiswahili, lakini si lile lililoandikwa. Nilimwambia, "Dada, waeleze Joël alikufaje."

Akaeleza. Alilia. Nikamgeukia Mzungu, nikakaza uso, nikasema chai yake imepoa. Watu nyuma ya kamera wakajiziba midomo wasitoe sauti. Mama Aline aliwaona wamejiinamia, akadhani wanalia.

Nikadhani tumemaliza… Kumbe mwanga haukukaa vizuri. Wakarudia. Halafu kipaza sauti kikaleta matatizo, wakarudia tena. Mara nne! Mara nne yule mama alimzika mwanawe mbele yangu. Na kwa kuwa alifikiri wanarudia kwa sababu hawajaguswa, kila mara aliongeza jambo. Mara ya nne akatoa hata lile ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Alisema shimo lilikuwa fupi. Alisema dereva alikuwa anapiga honi, na yeye aliondoka kabla udongo haujamfunika Joël vizuri, akaacha majani juu yake.

Nilisikia. Nilielewa kila neno. Na nikamgeukia Mzungu nikasema, anauliza zile biskuti ni za nani.

Tulipopumzika, mama mmoja wa upande wa mavazi, Mwingereza wa makamo, akanivuta pembeni.

"Huyu mama yuko sawa? Naona haya machozi ni ya kweli."

"Ni mwigizaji wa kanisani kwao," nikamjibu. "Kulia ndiyo kazi yake."

Akamtazama Mama Aline tena, akaniamini.

Tukiwa kwenye teksi kurudi Bertrams, Mama Aline alinishika mkono njia nzima. Aliniambia amejisikia mwepesi. Akanishukuru.

Miezi ikapita. Mngemwona mwanamke yule jinsi alivyongoja! Aliwaeleza watu kanisani kwamba ameitwa Uingereza, mchungaji akamwombea mbele ya waumini. Akanunua koti zito la mtumba, la sufu, akalivaa chumbani Desemba, na joto lote lile la hapa, ili alizoee. Alinitaka nimfundishe sentensi ya kuwashukuru watakaompokea uwanja wa ndege. Nikamfundisha. Jioni nyingi alikaa mlangoni kwangu akiirudia, nami namsahihisha matamshi…

Kisha cherehani yake, ile iliyomlisha yeye na mwanawe, akampa binti mmoja wa kanisani aliyeolewa na hana kazi. Alisema Uingereza hawatamruhusu kuipandisha ndege. Nilikuwepo. Nilisaidia kuibeba hadi getini. Ningeweza kusema neno moja tu, dada usiitoe. Sikusema. Nitamwambia kwa sababu gani? Baada ya hapo alishona kwa mkono, na kufua nguo za watu.

Mwaka 2017 kipindi kikafika huku, kwenye televisheni ya kulipia. Wateja saluni wakanitambua. Wakapiga picha na mimi. Jina langu lilipita mwishoni, kwenye orodha ya wageni. Siku tatu nilitembea Joubert Park kama nimeota mabawa.

Na ni mimi niliyejichimbia kaburi. Nilirekodi kile kipande kwa simu nikamtumia binamu yangu wa Tanga, ajivunie. Binamu akakituma kwa wenzake. Mnajua simu zinavyokwenda… Ndani ya wiki moja kilikuwa kimezunguka Tanga, Dar es Salaam, Kigoma, Uvira, kikarudi Johannesburg kwa Waswahili wa hapa. Wasiojua Kiswahili walimsikia mkalimani, wakacheka. Wanaojua Kiswahili walimsikia mama aliyeacha mtoto chini ya majani.

Shuleni kwa Aline watoto wakaanza kumwuliza kama mama yake ameshapata chai ya moto. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Hakuelewa. Mmoja akampa simu atazame, na Aline, peke yake darasani kwao, alielewa lugha zote mbili. Akarudi nyumbani, akamwonyesha mama yake.

Jumamosi asubuhi saluni ilikuwa imejaa. Mama Aline akaingia na kanga yake begani, akaketi kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, mbele yangu. Nilikuwa na kitana mkononi. Wasusi wenzangu wawili ni Wakongo, wakaacha kusuka mara moja. Nadhani walishakiona.

Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida.

"Mudogo yangu, bale bazungu baliuliza mutoto alikufa namna gani. Miye nikajibu. Weye ulibaambia nilisema nini?"

"Dada, twende nyumbani tukaongee."

"Hapana. Sema hapa. Sema mu Kiswahili, nisikie."

Nilitazama sakafu, nywele zilizokatwa zimetapakaa. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Nilisema… umesema chai yako imepoa."

"Na mara ya pili?"

"Kwamba kiti kinakuumiza."

"Na ile ya mwisho, ya majani?"

"Nilisema unauliza zile biskuti ni za nani."

Akatikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya kliniki nikimtafsiria majibu ya vipimo.

"Balicheka?"

"Walicheka, dada."

Nilifikiri atanipiga. Nilitamani anipige. Akauliza swali ambalo mpaka leo linaniamsha.

"Na ile ya Ungereza, ya kunipeleka. Ile ilikuwa ya kweli?"

Wasomaji wenzangu, baada ya yote hayo, bado alikuwa na tumaini! Alikuja kuulizia tumaini lake kwa mtu yule yule…

Nikamwambia hapana. Akajifunga kanga yake, akatoka. Mteja niliyekuwa namsuka akaondoka na nusu ya kichwa haijasukwa.

Msidhani yaliishia hapo. Ukatili wa jambo langu ulikuwa na miguu, uliendelea kutembea wenyewe.

Aline alimkasirikia mama yake kuliko alivyonikasirikia mimi. Kaka alikuwa naye, na hakuambiwa. Tena aliachwa porini. Kwa kuta nyembamba za nyumba ile nilimsikia siku moja mchana akimfokea mama yake kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikisikia lakini ulimi haukukizoea. Alikuwa anasema, ulimwacha, ulimwacha pale, ungeniacha na mimi pia. Na Mama Aline, ambaye hakuelewa, alikuwa anauliza kwa Kiswahili, unasema nini mwanangu, unasema nini…

Mimi nilielewa. Nilikuwa chumba cha nyuma nimesimama, mkono kinywani. Hakuna aliyemjibu.

Mwisho wa mwezi ule nilihama. Wakongo wa saluni walihamisha viti vyao mbali na changu. Kwenye sherehe za Watanzania hakuna aliyeniita mbele tena. Binamu yangu akaniandikia kwamba baba amekiona kile kipande, na amesema nisipige simu nyumbani mpaka atakaponiruhusu. Alifariki mwaka uliofuata, hajaniruhusu.

Lakini mimi si kitu. Sikilizeni yaliyompata yeye.

Mwaka 2018 ofisi ya wakimbizi ikamwita kwenye mahojiano ya mwisho, yale aliyoyangoja miaka yote. Yalihitaji aeleze kwa kinywa chake kwa nini alikimbia, nani alikufa, alipita wapi. Binti aliyepewa cherehani ndiye aliyemsindikiza, na yeye ndiye aliyenieleza baadaye. Alisema afisa alikuwa mpole, na mkalimani alikuwepo, kijana wa Kirundi, mwenye adabu. Afisa akauliza swali la kwanza. Mkalimani akalitafsiri vizuri.

Mama Aline akamtazama yule kijana, kisha akafunga mdomo.

Wakamwuliza tena. Wakambadilishia mkalimani, wakaleta mwanamke. Akakataa kusema habari za mumewe, akakataa kusema habari za mwanawe. Alichosema ni kimoja tu, waandike wanavyotaka, kwa kuwa hata akisema watageuza. Wakamngoja karibu saa nzima. Afisa afanye nini? Faili halina maelezo. Baada ya miezi ikaja barua ya kumkatalia. Aline ndiye aliyemsomea, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimsomea kwa Kiswahili, neno moja moja, akikosea.

Hakukata rufaa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 nikasikia anarudi Uvira na binti yake, kwa basi, nchi kwa nchi. Aline hata Kifaransa hajui. Anakwenda kuanza shule katika nchi aliyoondoka akiwa hajui kutambaa.

Nilikwenda Park Station, kwenye kituo cha mabasi, asubuhi ya safari yao. Nilipika chapati na kuku wa kula njiani, nikafunga vizuri. Niliwakuta kwenye foleni ya mizigo. Aline alikuwa amemzidi mama yake urefu. Aliponiona akaugeuza uso. Mama Aline alikuwa amekonda, amevaa lile koti la sufu.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, wiki nzima nimeyapanga. Nikasogea, nikasema, "Dada…"

Akaniangalia bila hasira. Akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyomfanyia asiyemjua.

"Bonjour, madame," akasema.

Kisha akaendelea na foleni. Miaka tisa hakuwahi kuzungumza nami neno la Kifaransa, maana alijua sikifahamu. Nilibaki nimeshika chapati zangu mpaka basi likatoka.

Wasomaji wenzangu, sikuandika ili mnihurumie. Kuchekesha watu si dhambi, na wale Waingereza hawakujua walichokuwa wanakipiga picha. Aliyejua ni mimi. Nilikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyeelewa kila kilichosemwa, na ndiyo maana kosa ni langu peke yangu.

Ninyi mnaowasaidia wenzenu lugha kwenye hospitali, polisi, ofisini, nawaomba. Mtu anapokukabidhi maneno yake, ujue hana akiba nyingine ya kujitetea. Usiyapunguze, usiyaongeze, usiyachezee hata kidogo ili wewe uonekane. Na kama umeshaanza kudanganya, sema siku ile ile, kabla mwenzako hajatoa cherehani yake. Mimi nilikuwa na miezi mingi ya kusema, na kila siku nilichagua kunyamaza.

Bado nasuka Joubert Park. Kuigiza nimeacha. Kila mwezi nauliza Wakongo wanaotoka Uvira kama wamemwona. Wengine wanasema hawamjui. Wengine, wakishanitambua, wanasema wanamjua ila hawatanieleza alipo.